Kompyuta Nzito: Anza na Diski

Mtahiniwa, kama nyumbani mna kompyuta ya mezani iliyochoka na mzazi ametoa fedha kidogo ya kuiboresha, usikimbilie prosesa mpya. Mara nyingi prosesa mpya hudai ubao mama mpya, nao ubao hudai RAM nyingine. Fedha imekwisha kabla hujawasha. Mimi nasema diski kwanza. Diski ya zamani huzunguka mara 5400 au 7200 kwa dakika huku kichwa chake kikitafuta data. SSD haina kinachozunguka, ndiyo maana kompyuta huwaka upesi. RAM ifuate, hasa ikiwa ni GB 4 tu. Lakini DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR3, hata muuzaji aape. Nenda dukani na RAM ya zamani mkononi.