Koti Zito Halichezi Hoki

Timu ya Nairobi au Arusha ikialikwa kushindana kwenye nchi ya theluji, ushauri huwafikia wachezaji kabla ya viza. Tafuta koti. Liwe zito, lifike magotini, na shingoni liwe na manyoya. Kila ukoo una shangazi aliyewahi kuishi Ulaya ambaye atakuhakikishia kwamba ukikosa koti umekwisha. Wapo watakaokupeleka soko la mitumba la Gikomba alfajiri bale linapofunguliwa, na kweli makoti ya skii yamo humo kwa bei ambayo mwenye koti wa kwanza angesikia uchungu akiijua. Koti likishapatikana huja sweta tatu, soksi za kuvaa jozi mbili kwa mpigo na chupa ya dawa ya mafua. Mzigo wa kilo 23 umejaa, na viatu vya mchezo bado viko sakafuni.

Kwa anayekwenda kutembea mjini na kupiga picha, sina ugomvi na ushauri huo. Kwa mchezaji, unamwandaa kwa jambo ambalo ni nadra kumtoa mchezoni, na kumwacha mtupu mbele ya yale yanayomtoa kila msimu.

Tuanze na baridi yenyewe. Nguvu inayochomwa na misuli, robo yake tu au pungufu ya hapo ndiyo inayogeuka mwendo. Iliyobaki ni joto. Mtu anayepanda mlima kwa skii, au anayefukuzana na kisahani cha hoki ya barafu dakika moja bila kupumua, anazalisha joto kuliko anavyolihitaji. Hoki yenyewe mara nyingi huchezwa ndani ya ukumbi, kwenye ubaridi ambao mtu wa Limuru angeutambua kama wa Julai. Nje nako kuna mipaka: Shirikisho la Kimataifa la Skii na Snowboard, FIS, huahirisha au kufuta mbio za skii za nyika kipimajoto kikishuka chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Hakuna anayetarajia ushindane kwenye baridi ya kuua.

Kinachomwangusha mchezaji ni maji, na maji hayo huanza mwilini mwake mwenyewe. Maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa iliyotulia. Vaa koti zito, kimbia dakika kumi, lowa jasho, halafu simama kusubiri zamu yako, nawe utajua maana ya baridi. Hapo ndipo fulana ya pamba inaposaliti. Pamba hunywa jasho na kulishikilia, na ikishalowa haikupi joto lolote. Nayo ndiyo kila timu yetu hubeba kwa wingi, kwa sababu mdhamini amechapisha nembo yake juu ya fulana za pamba na viongozi wanataka zionekane. Zibebwe, zivaliwe kwenye chakula cha jioni. Kinachogusa ngozi uwanjani kiwe sufu nyembamba au poliesta inayobana mwili, juu yake sweta jepesi, na juu kabisa ganda jembamba la kuzuia upepo. Seti tatu za nguo hizo za ndani, zifuliwe usiku na kuanikwa chumbani, hazifikii uzito wa lile koti moja.

Mfano ninaoupenda ni wa Philip Boit, Mkenya aliyeacha mbio za mita 800 akaenda kujifunza skii Finland kwa ufadhili wa Nike. Mwaka 1998, Nagano, alishiriki mbio za kilomita 10 na kumaliza wa 92, wa mwisho, dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, ambaye alimsubiri mstarini amkumbatie. Kumbatio ndilo linalosimuliwa. Wachache husimulia kwamba siku hiyo ilikuwa ya mvua, na theluji mbichi ikawa inaganda chini ya skii zake. Katika hali hiyo wenye uzoefu hutegemea nta wanayopaka chini ya skii, kila aina ya theluji na nta yake. Koti halina kazi hapo.

Nikiri upande mmoja: makocha, meneja, kipa wa akiba na anayepiga video husimama saa nyingi bila kujongea. Hao wanahitaji koti kubwa kuliko nyota wa timu, na mara nyingi ndio wasiokumbukwa bajeti inapogawanywa. Makoti mapana manne au matano ya kupokezana pembeni ya uwanja yanatosha timu nzima.

Halafu kuna mafuta ya mgando. Kwetu yanatibu kila kitu, kwa hiyo mtu huyapaka usoni kwa unene akiamini yatazuia ngozi kuganda. Wafini, ambao baridi ni jirani yao, waliwauliza wanajeshi 830 kuhusu mafuta ya aina hiyo, na waliokuwa wakiyapaka hawakuonekana kulindwa. Dalili zilielekea upande wa kuumia zaidi. Mtu akishapaka hujiona yuko salama, akasahau kujifunika. Yabebe kwa ajili ya midomo na visigino. Kwa uso, funika. Nafasi iliyobaki pochini ipe krimu ya kuzuia jua na miwani nzuri, maana theluji mpya huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi ya jua inayounguza, na mchezaji wa skii mlimani huungua kidevu na chini ya pua, mahali ambapo jua la Mombasa halijawahi kumfikia.

Wasemao kwamba vifaa utakodi hukohuko wako nusu sahihi. Skii na fimbo zake, kodi. Viatu, hapana, kama unavyo vyako. Kiatu cha skii au cha barafu hukaa mguuni baada ya wiki nyingi za maumivu, na cha kukodi kitakuanzishia safari hiyo upya usiku wa kuamkia mechi. Kwa hiyo mguu wako usiuachie mfuko unaopita viwanja vitatu vya ndege. Kanuni za usalama wa ndege za Marekani zinaruhusu viatu vya barafu ndani ya kabini, ila gongo la hoki lazima liende chini na mizigo. Kwingine wakaguzi huona yale meno ya chuma kwa jicho lao, na shirika la ndege liulizwe kabla ya siku ya safari. Betri za akiba za glavu zinazojipasha moto, na zile za kuchajia simu, kanuni yake ni kinyume: kabini tu, kamwe zisiende chini.

Vifaa vya golikipa visifungwe vyote kwenye mfuko mmoja. Kenya Ice Lions, timu ya hoki ya barafu waliokulia kwenye uwanja mdogo wa barafu wa Panari kwenye Barabara ya Mombasa, walikwenda Canada mwaka 2018 na huko ndiko walikopata mpinzani wao wa kwanza, wakiwa na nyota wa hoki Sidney Crosby na Nathan MacKinnon upande wao. Ukingoja miaka kupata mpinzani, huwezi kumwambia kwamba mlinda lango wako hana kinga za miguu kwa sababu mfuko umebaki Amsterdam. Gawa: kinga za miguu kwa huyu, ya kifua kwa yule, kofia ngumu aibebe kipa mwenyewe.

Kuna kifaa kingine chepesi kuliko soksi. Oktoba 2023, mchezaji wa hoki Adam Johnson wa Nottingham Panthers alifariki baada ya kukatwa shingoni na kiatu cha barafu wakati wa mechi mjini Sheffield. Kabla mwaka haujaisha, shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu, IIHF, lilitangaza kwamba kinga ya shingo ni lazima kwenye mashindano yake ya ngazi zote. Kenya ni mwanachama wa shirikisho hilo tangu 2024. Hesabu kinga hizo moja moja, na mbili za ziada.

Na ile chupa ya dawa ya mafua ndiyo hatari kuliko vyote. Dawa nyingi za kufungua pua zina pseudoefedrini, na kiasi chake kikizidi mikrogramu 150 kwa mililita ya mkojo siku ya mashindano, ni kosa la dawa zilizokatazwa michezoni. Nicklas Bäckström, mchezaji wa hoki wa Sweden, alijua hivyo Sochi mwaka 2014, alipoondolewa muda mfupi kabla ya fainali ya Olimpiki dhidi ya Canada kwa sababu ya kidonge cha mzio. Medali yake ya fedha alipewa baadaye, baada ya uchunguzi. Fainali hawakuirudia. Meneja akusanye dawa za kila mchezaji wiki mbili kabla ya safari, zikiwa kwenye boksi zenye majina yaliyochapishwa, asome viambato vyake na daktari. Sharubati ya kikohozi iliyohamishiwa kwenye chupa ya soda ibaki nyumbani.