Uchovu wa Mama Usiitwe Uvivu

Juma hili, ndugu wasomaji, tunazungumzia maradhi yanayowapata zaidi wanawake, na ambayo majumbani mwetu mara nyingi hupewa jina lisilo lake. Mama huamka akiwa amechoka kama alivyolala. Huona baridi wenzake wakitokwa na jasho, huongezeka uzito ingawa chakula chake ni kilekile, ngozi humkauka na nywele humdondoka. Tukamwita mvivu, au tukasema amepandwa na shetani.

Huenda ni tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, ambayo homoni zake huongoza kasi ya kazi za mwili mzima. Mwaka 1912 daktari wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, aliueleza ugonjwa ambao leo unaitwa kwa jina lake. Ndani yake, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huigeukia tezi hiyo na kuidhoofisha kidogo kidogo.

Watafiti wameona kuwa wagonjwa hawa mara nyingi wana upungufu wa vitamini D, ambayo mwili huitengeneza ngozi ipigwapo na jua. Upungufu huo hutokea hata katika nchi zetu za jua kali, kwani wengi tunashinda ndani, na ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani. Stara haina lawama hapa: ua wa nyumba uliositirika unatosha kuota jua. Samaki wenye mafuta na kiini cha yai navyo husaidia.

Lakini mambo mawili kuonekana pamoja si ushahidi kwamba moja limezaa jingine. Haijathibitika kuwa vitamini D huiponya tezi, na vidonge vyake vikizidi hudhuru figo. Kwa hiyo aliyeandikiwa levothairoksini asiiache kwa ajili ya vitamini, hasa akiwa mjamzito, kwani ubongo wa mtoto tumboni huihitaji homoni hiyo.

Dawa hiyo humezwa kwa maji, tumbo likiwa tupu. Katika Ramadhani yafaa kuimeza nusu saa kabla ya daku, au wakati wa kulala, saa tatu au zaidi baada ya kula. Mgonjwa ashauriane na daktari wake kabla ya mwezi kuandama.

Basi, enyi waume na watoto, kabla ya kumlaumu mama, mpelekeni akapimwe damu. Mwenyezi Mungu awajaalie wagonjwa wetu shifaa.