Miguu Wakati wa Baridi

Mwezi huu twasema na ndugu zetu wakaao Edinburgh na Glasgow, na wenye jamaa huko wawapelekee habari hizi. Wengi wao wamezoea kupanda milima ya Scotland wakati wa jua, wazee kwa watoto. Ni desturi njema, nayo haina gharama kubwa. Taabu huja na baridi. Siku za mwisho za Desemba jua la Edinburgh huchomoza baada ya saa mbili u nusu asubuhi, nalo huchwa kabla ya saa kumi alasiri. Mtu aenda kazini gizani, arudi gizani. Basi viatu vya mlima hutiwa uvunguni mpaka Mei.

Mei ikifika, mtu huyo akumbuka Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote ya Uingereza. Kilele chake ni mita 1,345, na njia yaanza karibu na usawa wa bahari, hata karibu urefu wote hupandwa kwa miguu, nao wote hushukwa kwa miguu. Kupanda apanda, japo kwa kuhema. Katika kushuka magoti yaanza kutetemeka, mguu wateleza juu ya jiwe, na hapo ndipo wengi huumia. Hata akifika chini salama, siku ya pili yake ashuka ngazi za nyumba yake kinyumenyume kama mtoto mchanga.

Yafaa tujue sababu. Kupanda huchosha zaidi moyo na mapafu. Kushuka huchosha mapaja. Ushukapo, nyama ya paja hujikaza na papo hapo yavutwa iwe ndefu, ipate kuuzuia uzito wa mwili usiporomoke. Kazi hiyo huumiza nyuzi ndogo ndogo ndani ya nyama, na maumivu hayaji saa ile ile, bali kesho yake, yakazidi kesho kutwa. Walakini nyama iliyokwisha kuonjeshwa kazi hii mara moja haiumii sana mara ya pili, na kinga hiyo hudumu majuma kadhaa. Kwa hiyo mtu aliyekaa miezi sita bila kushuka mahali popote amepoteza kitu ambacho kutembea barabarani hakumrudishii, hata atembee kila siku.

Dawa yake i mlangoni. Katika miji ile miwili watu wengi hukaa katika majumba ya mawe ya ghorofa tatu au nne, yenye ngazi moja ya wote. Panda na kushuka ngazi hiyo mara mbili kwa juma, dakika 10 kwanza, kisha 20. Wengi hupanda kwa bidii, kisha hushuka mbio mbio kana kwamba kushuka si kazi. Shuka polepole, ukiweka unyayo wote, mkono karibu na reli. Baada ya majuma matatu vaa shanta yenye chupa za maji. Lita moja ni kilo moja, hivyo huhitaji mizani, na magoti yakilalamika wayamwaga maji na kushuka bila mzigo. Vaa viatu laini, wala usifanye usiku, maana jirani wa chini naye ana masikio.

Pumzi nayo hupungua upesi; majuma mawili matatu ya kukaa kitako yatosha kuidhoofisha. Kuitunza ni rahisi kuliko kuijenga upya. Wakaao Edinburgh wana kilima cha Arthur's Seat, mita 251, katikati ya mji. Jumamosi adhuhuri, jamaa yote yaweza kwenda na kurudi kungali mwanga. Siku ya barafu msiende. Ngazi ya nyumbani haina barafu. Na milima mikubwa yenye theluji ni kazi ya wale waliofundishwa, wenye vyombo vyake. Asiyefundishwa akae chini, wala si aibu.

Jambo moja latuhusu sana sisi wenye ngozi nyeusi. Tangu Oktoba hata mwisho wa Machi jua la Uingereza halina nguvu ya kutosha kuuwezesha mwili kutengeneza vitamini D, ambayo mifupa na nyama huihitaji. Wakuu wa afya wa huko huwashauri watu wazima wote wafikirie kumeza mikrogramu 10 kila siku katika miezi hiyo, na wenye asili ya Afrika mwaka mzima. Haiwi bora kwa kuzidishwa. Mwenye maradhi ya figo au anywaye dawa nyingine na amwulize daktari kwanza.

Walimu wanaotaka kuwapeleka vijana Ben Nevis mwezi wa Mei na waanze ngazi Februari, si Aprili. Mwisho wa Aprili wawapeleke Scald Law, kilele cha vilima vya Pentland karibu na Edinburgh, mita 579. Siku ya pili baada ya safari hiyo watazame jinsi kila mmoja ashukavyo ngazi ya shule. Ashukaye akitazama mbele bila kushika reli, yu tayari. Ashikaye reli kwa mikono miwili na angoje majuma mawili, kisha apelekwe Scald Law tena.