Sanduku la Mama na Mfarishi wa Viraka



Juma hili sitawaambia habari za mtoto anayeota meno, wala za kukausha mihogo isipate ukungu. Nataka kuwasimulia kosa langu mwenyewe. Si kwamba ukurasa huu umekuwa kiti cha kitubio. Dhambi zangu nimekwisha kuzipeleka mahali pake. Lakini najua ya kuwa katika nyumba nyingi za Likasi, chini ya kitanda cha mama, limo sanduku linalofanana na langu. Nami nikinyamaza, mama mwenzangu atadhani yuko peke yake.

Kosa langu lilianzia katika jambo jema. Bibi yangu mzaa mama alipofariki dunia, alituachia mfarishi wa viraka alioushona kwa mkono. Bibi alikuwa mke wa mfanyakazi wa Union Minière, akikaa Panda siku zile mji wetu ulipokuwa ukiitwa bado Jadotville. Tangu miaka ya 1920 kuelekea mwisho, kampuni ile ilitaka wafanyakazi wake wakae kambini pamoja na wake na watoto wao, na katika makambi yake wanawake walifundishwa kushona, kufuma na kutunza nyumba. Humo bibi alijifunza kushika sindano. Mashine hakuwa nayo. Alikuwa na mkasi mmoja, uzi, na macho yasiyopenda kuona kitu kikitupwa.

Mfarishi ule ulikuwa umeanza kuchakaa, nami nikasema moyoni: nitashona mwingine, watoto wangu wajifunike. Ninyi mkaao huku mwajua ya kuwa mji wetu uko juu, kadiri ya mita 1,300, na usiku wa mwezi wa Juni na wa Julai baridi yake si ya mchezo. Basi nikaenda kwa fundi mmoja wa Kikula anayeshona barazani, nikamwomba mabaki yaliyoanguka chini ya mashine yake. Akanipa mfuko mzima bure, tena akacheka.

Mabaki yale nikayapanga kitandani. Nikaona hayana rangi nyekundu ya kutosha. Nikanunua yadi mbili nyekundu. Nyekundu ikadai nili. Nili ikadai manjano. Hivyo ndivyo tamaa iingiavyo nyumbani: haivunji mlango kama mwizi, bali huja kama mgeni aombaye maji ya kunywa, na jioni wamwona amekwisha kutandika mkeka wake.

Tusidharau uzuri wa vitambaa hivi, maana uzuri huo ni wa kweli. Kikwembe cha waksi ni kazi ya ustadi. Waholanzi waliuiga ufundi wa batiki wa watu wa Java, na kiwanda cha Vlisco kilianzishwa Helmond, huko Uholanzi, mwaka 1846. Utomvu ulioyeyushwa hupigwa chapa pande zote mbili za kitambaa cha pamba, kisha kitambaa hutiwa katika rangi ya nili. Penye utomvu rangi haiingii. Ila utomvu ulipopasuka, rangi hupenya kama mishipa myembamba ya jani. Mishipa hiyo haifanani popote, hata katika kipande kimoja. Kwa hiyo mama asimamaye mbele ya duka, akipeleka kidole juu ya kitambaa, si mpumbavu. Anaangalia kitu ambacho hatakiona tena kilivyo.

Na majina yake! Kimoja huitwa Mume Wangu Ana Uwezo, na kingine Jicho la Mpinzani Wangu. Mwasikia wenyewe: mwuzaji anajua anamwuzia nani, na anajua kidonda kiko wapi. Mara nyingi hatununui pamba. Twanunua neno la kumwambia jirani bila kufumbua kinywa.

Basi nikaendelea. Kila zamu yangu ya likelemba ilipofika, kipande kimoja kiliingia sandukuni. Mfarishi sikuushona. Nilikuwa nikisema: nikipata rangi moja zaidi, nitaanza. Tena nilipoona kitambaa kilivyo kizuri, niliogopa kukikata. Baba wa nyumba aliponiuliza, nilimjibu ya kuwa ni sare ya chama chetu cha kanisani. Mara ya kwanza ilikuwa kweli. Mara ya nne haikuwa kweli.

Moyoni nilikuwa na utetezi, nao ulikuwa na sura ya hekima. Nilijiambia: ninaweka akiba, kama alivyofanya mama yangu. Hapa sina budi kuwakumbusha mambo ambayo vijana wetu hawakuyaona.

Mwaka 1992 na 1993, majirani zetu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa katika Katanga, maelfu yao walikaa kwenye stesheni ya Likasi wakingoja gari la moshi, na wengi walikufa hapo kwa maradhi na kwa njaa. Nilikuwa mtoto, lakini sijasahau. Mama mmoja jirani, aliyezoea kunipa karanga nilipotoka shuleni, alikuwa pale juu ya furushi lake. Mali yake yote iliyobaki ilikuwa vikwembe, naye alikuwa akiviuza kimoja kimoja apate unga. Mama yangu alimpelekea chakula. Yule mama hakuwa na kitu cha kulipa, wala hakudaiwa. Lakini alirarua pindo la kitenge chake cha kijani, akampa mama yangu awe na ukumbusho. Siku mbili baadaye hatukumkuta tena. Kama alifika kwao, Mungu ajua.

Katika mwezi wa Oktoba wa mwaka ule ule 1993, serikali ilitoa zaire mpya, na zaire 3,000,000 za zamani zikawa sawa na 1 ya mpya. Aliyetunza noti alibaki na karatasi. Aliyetunza vikwembe alibaki na kitu cha kubadilisha kwa unga. Tena mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoondoka Gécamines kwa mpango uliosemwa kuwa wa hiari, katika nyumba nyingi baba alirudi mikono mitupu, na mama ndiye aliyetafuta chakula. Mama yangu alifungua sanduku lake mara nyingi katika miaka ile. Kitenge kimoja kilikuwa karo, kingine kilikuwa dawa, kingine kilikuwa matanga ya shangazi.

Basi angalieni tofauti. Sanduku la mama yangu lilikuwa na mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Langu lilikuwa na mmoja tu.

Nilikuja kuitambua tofauti hiyo kwa aibu. Siku moja mwanangu wa pili, aliye katika shule ya sekondari, alirudi saa tatu asubuhi, daftari zake kwapani. Alikuwa amefukuzwa kwa ajili ya karo. Fedha ile baba yake alikuwa amenipa mikononi, nami nilikuwa nimeiazima kwa siku chache tu, nikingojea zamu ya likelemba. Nilikuwa nimenunua yadi sita, zenye ndege wa samawati. Hata leo ninaweza kuwaelezeeni kila unyoya.

Baba hakupiga kelele. Afadhali angalipiga. Alilivuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akaketi, akasema, “Mama, tuhesabu pamoja.” Tukahesabu. Vilikuwa vipande 31. Viwili panya walikuwa wamekwisha kuvitoboa. Mwanangu alisimama mlangoni akitazama. Nilipoufikia mfarishi wa bibi, uliokuwa chini kabisa, umekandamizwa na vitambaa vipya, machozi yalinitoka, kwa maana ndio uliokuwa chanzo cha yote, nami nilikuwa nimeusahau.

Bwana wetu alisimulia habari za tajiri aliyejenga ghala kubwa zaidi, usiku ule ule akaitwa. Mtakatifu Basili, akilieleza fumbo hilo, alifundisha ya kuwa nguo uliyoifungia sandukuni ni yake yule aliye uchi. Na Mtakatifu Martino, alipokuwa bado askari, hakungoja apate joho la pili. Alilikata lake kwa upanga, nusu akampa maskini kwenye lango la mji wa Amiens. Mimi nilikuwa na vipande 31 nikaogopa kukata kimoja.

Vipande kumi na viwili tuliviuza, karo ikalipwa. Mwanangu nilimwomba radhi. Wengine watasema mzazi hamwombi mtoto radhi. Mimi naona mtoto aliyefukuzwa shule kwa kosa la mama yake anastahili kulisikia neno hilo. Vipande viwili niliwapa mama wawili wajane wa mtaa wetu. Vilivyobaki nimevikata. Naam, nimevikata! Kipande cha kwanza mkasi ulitetemeka mkononi. Cha tatu nilikuwa naimba.

Basi, kwa mama atakaye kujaribu, nawapa njia niliyoifuata.

Kwanza, fua vitambaa vyote kabla ya kukata, maana pamba mpya hujikunja, na nili hutoa rangi. Kigeuze kila kitambaa: waksi ya kweli ina nguvu ya rangi pande zote mbili, nakala nyingi za bei nafuu zimepigwa chapa upande mmoja tu, nazo huchujuka upesi. Usizitupe, lakini usiziweke karibu na nyeupe.

Pili, kata karatasi ngumu ya mraba, sentimita 12 kila upande, iwe kipimo chako. Ukishona mshono wa sentimita 1 kila upande, kiraka kitabaki sentimita 10. Kwa mfarishi wa mtoto, viraka 10 kwa upana na 14 kwa urefu, yaani viraka 140, vitakupa mita 1 kwa mita 1 na sentimita 40. Shona safu moja moja, kisha unganisha safu. Ukianza kuunganisha ovyo, pembe hazitakutana.

Tatu, chini tandika shuka, katikati blanketi kuukuu, juu viraka vyako. Pitisha sindano katika vyote vitatu, mshono baada ya mshono, ukianzia katikati kwenda pembeni, ili blanketi lisijikunje ndani.

Na vitambaa vyenye sura? Bibi alikuwa na kitenge cha Mwenye Heri Anuarite, cha ukumbusho wa siku ile tarehe 15 Agosti 1985, Papa Yohane Paulo II alipomtangaza huko Kinshasa. Katika mfarishi wake alitumia pindo tu. Sura aliiacha nzima. Nami nafuata desturi yake.

Mfarishi wangu haukufanywa na vitambaa vipya peke yake. Katikati nimeweka kipande cha salopeti ya babu, kilichokuwa katika mfarishi wa bibi, na pindo la kijani la yule mama wa stesheni. Nimesoma ya kuwa mwaka 1942, katika kijiji cha Gee's Bend, jimbo la Alabama huko Marekani, mama mmoja mweusi jina lake Missouri Pettway, alipofiwa na mumewe, alizikusanya nguo zake za kazi akazishona mfarishi, apate kumkumbuka na kujifunika kwa upendo wake. Hakuwa na waksi ya Uholanzi. Alikuwa na suruali zilizochakaa magotini, na kazi yake baadaye ilitundikwa katika nyumba kubwa za sanaa. Thamani ya kiraka haiko dukani.

Msidhani nimekwisha kupona. Hata sasa, nikienda sokoni, nashika njia ya upande wa mboga, nisipite mbele ya vitenge. Tena tumeagana nyumbani: hakiingii kipande kipya kabla ya viwili kutoka, na hesabu yake baba anaijua. Siku ya kwanza niliona ni kifungo. Leo naona ni pumziko, kwa maana mke asiyeficha kitu chini ya kitanda hulala vizuri.

Nawe mama usomaye, leo jioni livute sanduku lako, ulifungue mbele ya baba wa nyumba. Kilicho akiba, kiitwe akiba, na wote wawili mjue idadi yake. Kilicho cha maskini, kipelekwe kwake. Kilicho cha kushona, kikatwe. Mwezi wa Juni hauko mbali, na mtoto hajifuniki kitambaa kilichokunjwa.

Bikira Maria, aliyemvisha Mwanawe nguo za kitoto katika hori la Betlehemu, awaombee ninyi na watoto wenu. Tuonane juma lijalo.