Adamec: Mfungaji hodari aliyehukumiwa kwa ukocha

KUFUZU kwa Kombe la Dunia ndicho kipimo kinachotumiwa na wengi kumhukumu kocha wa timu ya taifa. Kwa kipimo hicho, Jozef Adamec wa Slovakia alishindwa. Hata hivyo, hukumu hiyo yahitaji kutazamwa upya.

Adamec, aliyefariki Desemba 2018 akiwa na umri wa miaka 76, alikuwa katika kikosi cha Chekoslovakia kilichomaliza cha pili katika Kombe la Dunia la 1962 nchini Chile. Mnamo Juni 1968, mshambulizi huyo aliifunga Brazil mabao matatu mjini Bratislava, wenyeji wakishinda 3-2. Akiwa na Spartak Trnava alitwaa ubingwa wa ligi mara tano kati ya 1968 na 1973. Katika nusu fainali ya Klabu Bingwa Ulaya 1969, Ajax iliwang'oa kwa jumla ya mabao 3-2 pekee.

Alipokabidhiwa Slovakia mnamo 1999, taifa hilo lilikuwa na umri wa miaka sita tu. Vijana wake walimaliza wa tatu katika kundi lao la mchujo wa Kombe la Dunia la 2002, nyuma ya Uswidi na Uturuki.

Fainalini, Uturuki iliibuka ya tatu duniani, nayo Uswidi ikaongoza kundi lenye Uingereza na Argentina. Kushindwa na miamba kama hao si aibu.

Slovakia ilishiriki Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza mnamo 2010, miaka tisa baada ya Adamec kuondoka. Haba na haba hujaza kibaba.