UCHANGANUZI: Waya wa dijitali si tiba ya kila skrini

MJADALA kuhusu waya bora wa kuunganisha kompyuta na skrini ya michezo uliamuliwa na watengenezaji, wala si wachezaji.

VGA, mfumo wa analogi ulioletwa na IBM mwaka wa 1987, ulikusudiwa skrini nzito za kale zenye mgongo mkubwa. Skrini hizo hupokea analogi moja kwa moja. Baadhi ya wachezaji wa miaka ya 2000 walikataa kuziacha kwani picha ilifika papo hapo, na vitu viendavyo mbio havikuacha ukungu.

Kwa skrini bapa, mambo ni kinyume. Picha huanza ikiwa dijitali, hugeuzwa analogi ipite kwenye waya wa VGA, kisha hurejeshwa dijitali. Katika safari hiyo hupoteza ung'avu, hasa waya ukiwa mrefu au duni. DVI ya mwaka wa 1999, na HDMI iliyofuata, ziliondoa mzunguko huo.

Hata hivyo, skrini inayobadilisha picha mara 60 kwa sekunde haitapata kasi zaidi kwa kubadilishiwa waya.

Desemba 2010, Intel, AMD na wenzao walitangaza mpango wa kuiacha VGA kufikia 2015. Kadi ya GeForce GTX 1080 ya mwaka wa 2016 ilikuja bila analogi kabisa.

Anayeumia ni mwenye skrini kuukuu, anayelazimika kununua kigeuzi. Naye akumbuke kuwa rahisi ni ghali: kigeuzi duni chaweza kuharibu picha aliyotaka kuiokoa.