Tafuta Njia ya Maji Kwanza, Saruji Baadaye



Juma hili nataka tuzungumze habari ya chumba cha chini. Sisi tukaao milimani, kama vile Usambara, Upare na Kilimanjaro, twalijua sana jambo hili. Mtu akitaka kujenga hukata kilima apate kiwanja, na ukuta wa nyuma wa nyumba yake husimama ukiegemewa na udongo. Wengine hupata na chumba chini ya sakafu, upande wa bondeni, wakaweka humo mahindi, maharagwe, kahawa na majembe. Ni chumba cha manufaa. Lakini masika yakiingia, kuta zake hutoa jasho, sakafu huteleza, na magunia huanza kuoza toka chini.

Jirani yangu mmoja aliuza kahawa yake, akapata fedha ya kutosha. Mara akanunua saruji mifuko 6, akamwita fundi apige lipu chumba kizima kwa ndani, kisha akapaka chokaa. Chumba kiking'aa, kila mgeni alipelekwa kukitazama. Ilipofika Aprili lipu ikavimba kama mandazi, ikabanduka vipande vipande. Nyuma yake ukuta ulikuwa umelowa vilevile. Mkewe akasimama mlangoni na taa mkononi, akamwuliza, "Baba watoto, hivi maji haya yatoka wapi?" Yule bwana akanyamaza. Alikuwa ameuliza bei ya saruji katika maduka matatu, lakini swali hilo hakuliuliza hata siku moja.

Basi hilo ndilo neno langu la leo. Fedha ya kuzuia unyevu hupangwa kwa kufuata njia ya maji. Anza yanakotoka, malizia yanakoingia. Wengi wetu twaanza mwisho.

Kwa nini lipu ya ndani hushindwa? Maji yaliyojaa katika udongo nyuma ya ukuta husukuma. Yakisimama kimo cha mita 1, hukandamiza sehemu ya chini ya ukuta kwa nguvu ya kama tani 1 kwa kila mita moja ya mraba. Lipu ya ndani imeshikwa na ukuta tu, haina kitu mbele yake cha kuizuia. Maji yakisukuma toka nyuma, hubanduka. Lipu ya upande wa nje ni kinyume chake: maji huisukuma iushike ukuta zaidi.

Sasa tutafute njia ya maji. Ziko njia nne, na kila moja ina dawa yake na gharama yake.

Ya kwanza ni paa. Hesabu hii hata mtoto wa shule aweza kuifanya. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Nyumba yenye paa la mita 8 kwa 6 ina mita za mraba 48. Nusu yake, yaani 24, humwaga maji upande wa nyuma. Ikinyesha usiku mmoja milimita 50, lita 1,200 huanguka nyuma ya ukuta wako. Ni mapipa 6 ya lita 200, nawe umeyamimina mwenyewe juu ya msingi kwa kuwa huna mlizamu, yaani gata.

Ya pili ni kilima. Maji ya mvua hushuka toka shambani na njiani hata yafike nyumbani. Tazama pia mahali unapomwaga maji ya kuogea na ya kufulia. Shimo lake likiwa juu ya nyumba, wanyweshea ukuta wako kila siku, masika na kiangazi.

Ya tatu ni hewa. Pengine ukuta hauvuji kabisa, ila chumba hakina dirisha, na mvuke hushika ukuta wa baridi. Kupima ni rahisi. Chukua kipande cha nailoni cha upana wa futi 1 kila upande, kikaushie mahali pake kwa kitambaa, ukibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne. Kiache siku 2. Ukikuta matone juu ya nailoni, upande wa chumbani, huo ni unyevu wa hewa, toboa dirisha. Ukikuta matone nyuma yake, unyevu watoka ukutani.

Ya nne ni ardhi yenyewe, maji yapandayo sakafuni kama chemchemi. Hiyo nitaisema mwisho.

Sasa shika daftari. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Piga mistari mitatu: kitu, kiasi, bei. Usiandike bei ya kusikia. Nenda dukani ukaulize. Kisha gawa kazi katika zamu tatu.

Zamu ya kwanza ni kazi ya jasho, wala haihitaji fedha nyingi. Hamisha maji ya kuogea yamwagike upande wa chini wa nyumba. Inua udongo uliogusana na ukuta, uushindilie, uwe na mteremko wa kwenda mbali na nyumba: sentimita 5 kwa kila mita, hata mita 3. Kama kilima kiko karibu mno hata nafasi hiyo haipo, basi mtaro wa zamu ya pili ndio tegemeo lako. Ng'oa migomba na mabua yaliyorundikana ukutani. Kazi hii ifanyeni tangu Juni hadi Septemba, udongo ukiwa mkavu.

Zamu ya pili ni gata na mtaro. Gata ya upande wa nyuma ndiyo kitu cha kwanza cha kununuliwa, tena yakupa maji ya kunywesha ng'ombe. Mtaro uchimbwe upande wa juu, mita 2 toka ukutani, ukiweza kupata nafasi. Urefu mita 10, upana sentimita 50, kina sentimita 60: huo ni udongo wa mita 3 za ujazo, kazi ya watu wawili kwa siku mbili tatu. Uinamishe sentimita 1 kwa kila mita, ili mwisho wake uwe chini kwa sentimita 10 kuliko mwanzo. Na huo mwisho, tafadhali, uelekee mgombani kwako. Usielekee ua wa jirani. Wako watu waliokausha nyumba zao kwa kulowesha za wenzao, na kesi zao hazijaisha hata leo.

Ukimaliza zamu hizi mbili, ngoja. Acha masika moja yapite. Mara nyingi ukuta hukauka kwa hayo tu, na fedha ya saruji hubaki mfukoni.

Zamu ya tatu ni ukuta wenyewe, kama bado walia. Hapo fukua udongo wa nyuma, upige lipu kwa nje. Lakini jihadharini! Msifukue ukuta mzima kwa mara moja, wala msishuke chini kuliko kitako cha msingi. Fukueni kipande cha mita moja na nusu, mkimalize, mkifukie, ndipo mwende kingine. Ukuta ulionyimwa egemeo huweza kuanguka juu ya mchimbaji. Na kama umevimba kwa ndani au una ufa mpana, usiuguse mpaka fundi hodari auone.

Ukuta wa mita 6 kwa kimo cha mita 1 na nusu ni mita za mraba 9. Lipu ya unene wa sentimita 2, saruji sehemu 1 kwa mchanga sehemu 4, yahitaji mfuko mmoja na nusu wa kilo 50. Nunua 2, kwa kuwa nyingine humwagika. Ikikauka, paka lami au tandaza nailoni nzito ya wajenzi, kisha jaza mawe karibu na ukuta, na juu yake udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa. Maji yanayoshuka kati ya mawe lazima nayo yapewe njia ya kutokea chini, la sivyo umechimba kisima.

Tuseme una Sh. 500,000/-. Bei za kwenu zaweza kuwa nyingine, lakini mgawo waweza kuwa hivi:

Gata, bomba la kushushia na vishikizo: 150,000/-
Mtaro, pamoja na chakula cha wachimbaji: 70,000/-
Saruji, mchanga, lami au nailoni: 100,000/-
Ujira wa fundi siku 3: 90,000/-
Akiba ya yasiyotazamiwa: 90,000/-

Jumla 500,000/-. Msishangae akiba kuwa karibu sehemu moja kwa tano. Kazi ya chini ya ardhi haionekani mpaka imefukuliwa. Utakuta jiwe kubwa, au msingi uliojengwa kwa udongo mtupu. Asiye na akiba huacha shimo wazi, na mvua ya vuli humkuta hapo. Tena msikope fedha kwa unyevu ambao chanzo chake hamjakijua. Deni halikauki kwa jua.

Nimesema nitarudi kwa maji yapandayo sakafuni. Kama katikati ya kiangazi, mwezi wa Agosti, sakafu bado yatoa maji, basi chumba chako kimefika penye maji ya ardhi. Hapo saruji ya kijijini haitashinda, hata ukiongeza mifuko 20. Shauri langu ni gumu lakini ni la kweli: kiache chumba hicho kiwe cha majembe na kuni, na fedha yako jengea ghala dogo juu ya nguzo, penye upepo.

Wala jambo hili si la uzuri wa nyumba tu. Mahindi ya kuwekwa yapasa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13 na nusu. Yakiwekwa katika chumba chenye unyevu, huunyonya tena, yakaota ukungu, na ukungu mwingine huzaa sumukuvu. Kupika hakuondoi sumu hiyo. Mwaka 2004, upande wa mashariki wa Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao wakafa. Mwaka 2016 msiba wa namna hiyo uliwapata wenzetu wa Dodoma na Manyara. Kwa hiyo, hata wakati kazi ya ukuta haijakwisha, yainue magunia juu ya kichanja, mbali na ukuta. Mti na misumari michache si gharama.

Yule jirani yangu alianza upya kiangazi kilichofuata. Aliweka gata, akachimba mtaro, akahamisha bafu. Masika yakapita. Nilipomtembelea mwezi wa Juni, mkewe alinishushia chumbani, akaupapasa ukuta kwa kiganja, akanionyesha mkono wake. Ulikuwa na vumbi tu. Yule bwana akacheka, akasema, "Bwana karani, mifuko yangu 6 ilinifundisha swali moja."

Nanyi basi, kabla ya kwenda dukani, ngojeni siku ya mvua kubwa. Vaeni makoti, baba na mama pamoja, mzunguke nyumba yenu mkitazama maji yapitako. Matembezi hayo hayana bei, nayo ndiyo mstari wa kwanza wa daftari.